Mahali Sindano Inaporuka

Nyumba yenye geti la kijani,
Nyuma ya Posta.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Mama amenikatiza hapo hapo, anasema nikuwekee na marahaba yake kabisa, maana anajua ungemwamkia hata kama barua huandiki. Basi ipokee. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Wifi naye hajambo, na hao wanangu wawili ambao siku hizi wananitumia picha za paka badala ya salamu? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo, ila anakohoa zaidi nikimwambia aoshe vyombo, kwa hiyo sina wasiwasi naye.

Mama mzima wa mwili. Miguu inampeleka sokoni na kumrudisha, na uzi anautunga kwenye sindano bila miwani. Tatizo ni masikio. La kushoto limefunga kazi kabisa tangu mwaka jana, na la kulia daktari anasema linaelekea huko huko. Hakutupa muda. Alisema tu tuongee naye vya kutosha sasa hivi.

Mimi bado niko kwenye kile chumba juu ya duka la miwani, natengeneza meno bandia. Kazi haijapungua, watu hawajaacha kula sukari. Wiki iliyopita nilimaliza seti ya mzee mmoja aliyeniomba nimwachie pengo mbele, eti mkewe asije akamshangaa. Nilimwachia. Alijiangalia kwenye kioo akacheka mpaka nesi akaja kuchungulia.

Sasa kaka, barua hii ina jambo ndani yake, na nakwambia mapema ili usiisome ukiwa umesimama. Unakumbuka mwezi wa kwanza nilikupigia kukuomba uje umwone mama? Ukaniambia hivi, na nayakumbuka neno kwa neno: "Mzee alinitoa sebuleni nikiwa na miaka kumi na miwili, na amekufa hajanirudisha. Nije kukaa wapi?" Mimi nikanyamaza. Ulidhani mtandao umekata. Haukukata. Nilikuwa na la kukujibu, nikalimeza, kama nilivyokuwa nimelimeza miaka thelathini na tisa. Leo nalitoa. Lakini niache nianze na habari za Jumamosi, maana ndizo zilizonifungua mdomo.

Mpwa wako, huyu binti yangu mkubwa, ni fundi wa taa kwenye ukumbi wa maonyesho siku hizi, hilo unalijua. Mwezi uliopita akarudi nyumbani na tiketi mbili, uso umekunjuka, hataki kusema ni za nini. Alimwekea bibi yake mapajani. Mama akaisoma ile karatasi mara mbili, akavua kitambaa cha kichwani, akajifuta nacho macho. Kaka, wameiweka jukwaani Miaka Mia Mbili ya Usingizi. Yote, pande zote nne. Santuri ya baba!

Nilifikiri ni sisi tu duniani tulioijua. Kumbe kuna watu wazima wenye mvi zao waliokulia kwenye ile hadithi: jua linapoa, mji mzima unaingia kwenye chombo cha angani, watu wanalazwa usingizi wa miaka mia mbili mpaka wafike kwenye jua lingine, na mtu mmoja tu anabaki macho kuwalinda. Jumamosi saa tisa alasiri walijaa ukumbi mzima. Aliyekaa safu ya mbele yetu alikuja na jalada la santuri yake amelipakata kifuani. Mama akamgonga begani akamwambia la kwetu limechakaa zaidi, kama vile wanashindana.

Nilivyoogopa! Unajua mtu unapokipenda kitu ukiwa mtoto, hutaki mwingine akiguse. Nilikaa mikono nimeikunja, tayari kuchukia. Halafu ile ngoma ya mwanzo ikapigwa, bum moja, kimya, bum ya pili, nayo haikutoka kwenye spika yetu ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, ilitoka kwa mwanamke mnene aliyesimama pale na vijiti viwili mkononi. Iliniingia tumboni. Nikamtazama mama. Alikuwa ameweka kiganja kwenye mbao za kiti cha mbele, anaisikilizia mkononi.

Chombo chenyewe walikitengeneza kwa vitambaa vyeupe vilivyotandazwa juu mpaka chini, na ndani vitanda vya chuma vyenye magurudumu, vile vya hospitali, kama thelathini hivi. Waimbaji ndio waliolala. Mtu anaimba amelala chali, kaka, na sauti inafika nyuma! Nyota zilikuwa kazi ya mpwa wako, taa ndogo ndogo mia nne na kitu, kila moja kaining'iniza mwenyewe. Moja iligoma kuwaka, na mimi nikawa naiangalia hiyo hiyo. Nilipomwambia baadaye alinuna.

Mlinzi aliingia na taa yake ya mkononi. Mwanamume mrefu, shingo ndefu, sauti nzito. Akafungua kinywa kuimba, nami nikashika mkono wa mama: meno yake mawili ya juu, upande wa kulia, ni kazi yangu. Niliyatambua kabla sijamtambua yeye. Daktari aliniletea kipimo cha kinywa chake mwezi wa pili, na nilihangaika na ile rangi wiki nzima. Basi upande wa kwanza wote mimi sikusikiliza vizuri, kila akipaza sauti roho yangu iko juu juu. Lakini hayakutikisika. Ujivuni kidogo unaruhusiwa.

Sasa tunafika kwenye lenyewe.

Unakumbuka baba alivyoileta. Mtu anayeshinda juani anasoma mita za maji za watu, anafukuzwa na mbwa, jioni anarudi na santuri mbili kwenye jalada moja, kazifunga kwa gazeti. Jumapili ile ya kwanza alinawa mikono, akaikausha, akatukalisha sebuleni sote wanne. Tukasikiliza upande wa kwanza na wa pili. Mwisho wa upande wa pili Mlinzi anamlaza mwanawe wa kiume kitandani, anamfunika, na umeme ukakatika pale pale. Hatukusikia kilichofuata. Baba akasema tutaendelea Jumapili ijayo.

Nilikuwa na miaka saba, kaka. Wiki ni ndefu mno ukiwa na miaka saba. Nilikuwa namfikiria yule mtoto amefungiwa mle ndani, hajui lini ataamshwa. Jumatano wewe ulikuwa umeenda kuteka maji, mama yuko jikoni. Nikaitoa santuri ya pili kwenye jalada, kwa sababu niliona kwenye picha kwamba yeye yumo humo. Nikachukua bikari kwenye mkebe wako wa hesabu. Nilitaka kumwamsha. Nilikwaruza pole pole, nikaweka sikio, nikakwaruza tena.

Ni mimi. Siyo wewe, na hujawahi kuwa wewe. Ni mimi Sisimizi wako.

Baba alipoikuta, bikari ilikuwa bado kando ya gramafoni. Alikuuliza kitu kimoja tu: "Hii ni ya nani?" Ukasema, "Yangu." Hukusema zaidi. Mimi nilikuwa chini ya meza, naona miguu yenu tu, viatu vyake vya vumbi na vidole vyako. Nilingoja useme siyo wewe, ili nami niseme ni mimi. Hukusema. Baba akakwambia, "Toka hapa," basi. Mtu wa maneno machache yule, na hasira yake haikuchukua hata dakika. Lakini wewe ulivyotoka ulitoka jumla. Kila Jumapili baada ya hapo ulikaa koridoni, umejitia unapiga viatu rangi. Viatu vya nyumba hii viling'aa kuliko vya askari. Na mimi nilikaa sebuleni, kwenye nafasi yangu na yako, nikijitia hamnazo.

Hadi leo sijui kwa nini hukujitetea. Labda uliniona chini ya meza. Kama uliniona, sijui niseme nini, kaka. Nisamehe. Na kama hukuniona, nisamehe zaidi.

Unajua pia baba alivyolimaliza lile tatizo la mkwaruzo. Upande wa tatu, Mlinzi amezeeka, amechoka upweke, anasimama mbele ya kitanda cha mwanawe, anasema, "Nikainama, nikamwambia," na hapo sindano inaruka, inaangukia kwenye tarumbeta. Baba hakuiacha iruke. Kila Jumapili alinyanyuka kwenye kiti, akainyanyua sindano kwa kidole, akasema maneno ya Mlinzi kwa sauti yake mwenyewe, kisha akaishusha taratibu mbele ya mkwaruzo. "Mwanangu, mlango huu sijaufunga. Kilichoharibika kimeharibika, nami sikuulizi tena. Ingia, ukae karibu yangu." Mimi niliyajua kwa moyo. Wewe pia uliyajua, maana nilikusikia siku moja ukiyafuatisha huko koridoni na brashi mkononi. Sote wawili tuliamini ni maneno ya santuri, kwamba baba kaulizia mahali akayakariri.

Basi Jumamosi Mlinzi akafika kwenye kitanda. Bendi ikanyamaza. Akaweka taa sakafuni, akapiga magoti, polepole, na goti likalia, tukalisikia. Akasema, "Nikainama, nikamwambia." Akavuta pumzi.

Na mama akasema, "Mwanangu, mlango huu sijaufunga."

Kaka, unajua kiziwi anavyosema, hajisikii mwenyewe. Aliyasema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, ukumbi mzima kimya. Watu wakageuka. Mwenye jalada akatutolea jicho. Nami, badala ya kumfunga mama mdomo kama mtoto mwenye adabu, nikajikuta nami nimo, "kilichoharibika kimeharibika," tunakwenda naye sambamba mpaka "ukae karibu yangu." Mdomo umezoea, kwa miaka yote ile pale haturuki. Mpwa wako kule juu kwenye taa zake alisema alitamani paa limfunike.

Mlinzi alitungoja. Mstaarabu, hakugeuka hata. Tulipomaliza, akayasema yake, kwa upole kabisa: "Lala, mwanangu. Nitakuamsha tukifika."

Hayo tu. Na tarumbeta ikaingia.

Ni maneno mazuri, sikatai. Unajua pale kwamba Mlinzi hatafika, atakufa njiani, na anamwahidi tu ili mtoto asiogope. Yule wa mbele yetu alikuwa analia waziwazi. Lakini mimi sikulia. Nikawa nayapima yale ya baba na haya. Hakuna mlango. Hakuna kilichoharibika. Hakuna ingia. Mlinzi hamwiti mwanawe, anamwambia alale. Kwa nini baba aseme kinyume?

Nikaanza kuyakumbuka mambo niliyokuwa nayaona bila kuyaangalia. Kwamba baba kila alipoinyanyua ile sindano hakututazama sisi, aligeuka kuelekea koridoni. Kwamba Jumapili hakukubali mlango wa sebule ufungwe, na mama akilalamika moshi wa jikoni unaingia, anajibu uingie. Upande wa nne sikuusikia, naomba usiniulize uliishaje. Nilikuwa nakuona wewe na brashi yako.

Baada ya onyesho tulishuka kantini ya ukumbi kunywa chai. Mlinzi mwenyewe akaja mezani, bado na vipodozi usoni, akamshika mama mkono akauliza yale maneno kayatoa wapi, maana kidogo yampotezee ya kwake. Mama akamjibu, "Ya mume wangu," akaendelea kukoroga chai. Mimi nilimwangalia meno tu. Aliondoka nadhani akiniona mtu wa ajabu.

Nikapiga moyo konde. Nikamwambia mama nina la kuungama. Hakusikia. Nikasogea sikio la kulia, nikasema kwa sauti ya chini, ile santuri niliikwaruza mimi. Akasema, "Nini?" Nikaongeza sauti. "Nini?" Kaka, siri ya miaka thelathini na tisa niliitoa kwa sauti ya mnadani, katikati ya kantini, watu wameshika maandazi yao. "NI MIMI NILIYEIKWARUZA SANTURI! SIYO KAKA!"

Mama akanitazama. "Usinipigie kelele," akasema. "Nilijua."

Akaniambia walijua wiki ile ile, yeye na baba. Mtoto aliyekuwa haachi kuizungumzia ile santuri ghafla haisogelei, na kidole chake cha shahada kina tundu la bikari. Nikamuuliza, sasa mbona hamkumwambia kaka? Mbona mlimwacha koridoni? Hapo ndipo alipokasirika, na unajua mama hakasiriki hovyo.

"Hatukumwambia? Baba yenu alimwambia kila Jumapili! Wewe ulifikiri maneno yale alikuwa anamwambia nani?"

Nikamwambia tulidhani ni ya santuri. Mama akaweka kikombe chini. Halafu akasema baba hakuwahi kuyasikia ya santuri maisha yake yote, yale aliyatoa kichwani mwake. Kumwita mtoto na kumwambia nilikukosea, hilo hakuliweza. Baba yake mwenyewe hakumfundisha. Aliona akiyatia kinywani mwa Mlinzi utaelewa, utaingia mwenyewe. Kila wiki alingoja uingie. Usiku anamwambia mama, "Leo tena hakuja." Na mama naye alidhani wewe umeyaelewa, ila umekataa.

Kaka, tuliishi nyumba ya vyumba vitatu. Watu wanne, kila mmoja anangoja mwenzake.

Na hili ndilo ambalo sikulitilia maanani mpaka Jumamosi. Wewe uliondoka ukiwa na miaka ishirini. Baba hakuacha. Miaka ishirini na saba tangu uende, mpaka alipoanguka na kulazwa, kila Jumapili saa nane alinyanyua sindano, akaigeukia korido isiyokuwa na mtu, akayasema yale maneno yote. Mimi nilikuwa nikija kula chakula cha mchana na kumwona, nafikiri mzee kazoea tu. Mlango hakuufunga. Haufungi hata sasa, bawaba zimeliwa na kutu, mama hataki tuziguse.

Hakufa na kinyongo na wewe. Alikufa akikuita. Nilikuwepo hospitalini na sikujua kumwambia kwamba hukusikia.

Sasa tangu afariki, Jumapili mama anaiweka santuri mwenyewe, kaegemeza mkono kwenye kabati ili aisikie. Ikifika pale anaiacha iruke. Jana Jumatatu nilimuuliza kwa nini haisemei, mbona kule ukumbini alisema mbele ya watu mia sita. Akasema ukumbini alisahau kwamba mume wake hayupo. Nyumbani hasahau. Nikamwambia niyaseme mimi basi. Akatingisha kichwa, akasema mimi sikuwahi kukaa nje, kule koridoni.

Kwa hiyo sikutumii santuri, ingawa nilitaka, hata boksi nilishalipata kwa muuza miwani. Iko hapa kabatini, na gramafoni imebadilishwa mkanda. Sikuamrishi, kazi yako naijua na safari yako ni ndefu. Lakini sikio moja la mama bado linasikia sauti nzito, na daktari hakutupa muda. Yako ni nzito. Kwenye simu mwaka jana nilishtuka, nilidhani ni baba.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kile kitenge nimekikata tayari na mikono nimeiacha mirefu alivyotaka. Hao wanangu waambie shangazi yao anaangalia picha zao zote, meno yao hayo yaliyopandana asiyaguse mtu mpaka niyaone mwenyewe. Shemeji yako anakusalimia kati ya kikohozi na kikohozi. Mpwa wako naye anakusalimia, na anasema ile taa moja ameshaitengeneza.

Mungu akutunze huko uliko, akulinde wakati umelala na wakati uko macho, akulainishie na safari. Nimekupenda tangu chini ya ile meza, na niliogopa kuliko nilivyokupenda. Sasa siogopi tena.

Ni mimi mdogo wako, mwenye bikari,
Sisimizi.

Nimesahau: mama kasimama nyuma yangu tangu nilipoanza ukurasa wa mwisho, anasoma. Ameomba kalamu, aongeze mstari wake mwenyewe.

Mwanangu, nilisikia vizuri alivyosema yule Mlinzi wao. Usimsikilize. Usilale. Ingia, ukae.